Siku Niliyomweka Mama Nuruni

Majirani zangu hapa Tetu wanang'oa mibuni. Parachichi ndiyo mali siku hizi, wanasema, nami sina hoja nao. Hata mimi nimeng'oa nusu ya shamba. Lakini visiki vikishakauka wanavichoma, na moshi wa mbuni si kama moshi wa kuni nyingine. Una uchungu mwembamba unaoshika nyuma ya koo na kukataa kutoka hata ukinywa maji. Wiki iliyopita ulipanda kutoka bondeni mchana mweupe, nami, mtu mzima mwenye wajukuu, nikajikuta nimefunga madirisha yote na kukaa kitandani na viatu vyangu. Mjukuu akaniuliza kama ni pumu. Nikamwambia ndiyo, ni pumu. Kuna mambo huwezi kumweleza mtoto aliyezaliwa juzi. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mliolelewa katika nyumba za watu waliookoka, bendera yetu ikiwa bado mpya.

Mama yangu alikuwa ameokoka. Siku hizi neno hilo limekuwa jepesi, kila mtu ameokoka, lakini wakati ule waliookoka walikuwa wachache na walijulikana. Ungewajua kwa namna walivyokumbatiana wakisalimiana njiani, kwa kukataa pombe hata kwenye mahari ya binti zao, na kwa jambo moja ambalo wengine walilicheka huku wakiliogopa: waliungama dhambi zao kwa sauti mbele ya wenzao, wakizitaja moja moja. Hilo waliliita kutembea nuruni. Mtu akimchukia jirani, alisimama akasema. Akiokota yai la kuku wa mwenzake na kunyamaza, alisimama akasema. Kisha wenzake walimwimbia, naye aliketi amekuwa mwepesi kama mtu aliyetua kuni.

Lakini mama hakungoja mkutano ili aongee na Yesu. Aliongea naye kutwa, na zaidi ya yote aliongea naye akikamua. Tulikuwa na ng'ombe mmoja, tulimwita Mweru kwa sababu ya uso wake mweupe. Kabla jua halijachomoza, baridi ya mlima ikiwa bado imelala juu ya nyasi, nilikuwa nikishika ndama kwa kamba huku mama amekalia kigoda chake, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Nilisikia maziwa yakigonga ndoo, na katikati ya milio hiyo sauti yake: "Asante Bwana, leo ametoa vizuri. Lakini nisaidie na huyu Mama Gathoni, unajua vile aliniangalia jana. Mimi sina nguvu ya kumpenda leo. Nipe yako." Alisikiliza kidogo, kisha akacheka. "Haya, nimesikia. Nitampelekea majani ya malenge." Na kweli tulipomaliza alichuma majani ya malenge akampelekea Mama Gathoni.

Mimi niliamini Yesu alikuwa pale zizini, upande wa pili wa ng'ombe, mahali nisipoweza kuona. Sikuona ajabu yoyote. Baba sikumjua, na nyumba za wenzangu zote zilikuwa na mwanaume anayeongea na mama asubuhi. Wetu alikuwa Yesu.

Baba alikuwa amekufa nikiwa mchanga. Nilichojua ni kwamba wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya wazungu, alichukuliwa kizuizini, akarudi baada ya miaka akiwa kifua kimeharibika, akakohoa misimu miwili ya mvua na kwisha. Nilijua pia kwamba kuna mtu aliyemfanya achukuliwe, ila hakuna aliyemtaja jina mbele ya watoto. Walimwita yule wa gunia. Askari wa wazungu walikuwa wakiwapanga wanaume kwenye mstari, halafu mtu aliyefunikwa gunia toka kichwani hadi magotini, lenye matundu mawili ya macho, akapitishwa mbele yao. Aliyetikisiwa kichwa na gunia hilo alipandishwa lori. Kwetu sisi watoto, gunia lilikuwa zimwi. Nikichelewa kurudi kutoka mtoni, shangazi alisema, "Ati unangoja gunia likutikisie kichwa?" nami nilikimbia mpaka mkojo ukanitoka.

Kila Alhamisi alasiri ushirika wa waliookoka ulikutana nyumbani kwa Ndugu Stefano. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye koti moja jeusi na sauti iliyojaa nyumba bila kupandishwa. Mdogo wake alipandishwa lori siku moja na baba yangu, na yeye hakurudi kabisa. Sisi watoto tuliketi chini karibu na mlango, magoti yamebanana, tukinusa chai iliyokuwa inachemka na miguu ya watu wazima. Mwezi ule walikuwa wanapogoa mibuni, na Ndugu Stefano alikuja na tawi mkononi, bado lina majani. Akaliinua. Alitufundisha kwamba sisi ni matawi na Yesu ndiye shina, na tawi lina kazi moja tu, kukaa shinani.

"Hili mnaliona kijani," alisema. "Lakini limekatwa tangu asubuhi. Limekufa na halijui. Ndivyo alivyo ndugu yeyote anayeficha kitu gizani. Atakuja hapa, ataimba na sisi, majani yake ni mazuri. Lakini utomvu haupiti. Na mnajua matawi tunayapeleka wapi."

Tulijua. Tulipotoka nje yalikuwa yanaungua, lundo kubwa kuliko nyumba, na majani mabichi yalilia yakipasuka motoni. Moshi ulitufuata njia nzima. Nilimshika mama mkono nikamwuliza kama tawi husikia likichomwa. Akasema, "Wewe Njoki, maneno yako ni mengi." Lakini hakucheka, na mkono wake ulikuwa baridi.

Ilikuwa Julai, ule mwezi wetu wa ukungu ambapo jua likionekana watu huitana nje kulitazama. Ndipo nilipogundua habari ya maziwa. Kila asubuhi kabla ya kuyapeleka maziwa yetu barabarani, mama alijaza kopo la bati, akalifunika kwa jani la mgomba, akalificha chini ya shuka aliyojitanda, na kunituma nikachote maji. Nikirudi hakuwapo. Alikuja baadaye, sketi imelowa umande mpaka magotini, kopo tupu. Siku ya kwanza sikujali. Siku ya nne niliacha debe njiani nikamfuata.

Alishuka mpaka mtoni, chini ya kiwanda cha kahawa, kwenye kibanda ambacho zamani kilikuwa cha mlinzi. Mlango haukuwapo tena. Nilijificha nyuma ya migomba nikaona mtu amekaa ndani, ndevu zimemfunika uso, blanketi limeoza mabegani. Watoto wenzangu walikuwa wamemwona wakamwita kichaa wa mtoni. Watu wazima walidhani ni mpita njia aliyetoka mashamba ya wazungu huko Naro Moru yalipogawanywa. Alikohoa kikohozi kirefu chenye maji ndani yake. Mama alimshikia kopo mdomoni, akangoja, akamshikia tena. Hawakuongea. Alipomaliza, yule mtu alijaribu kusema kitu na mama akatikisa kichwa, kama mtu anayekataa asante.

Mama aligeuka akaniona. Sikuwa nimewahi kumwona mama akiogopa, wala sikujua kwamba uso wake unaweza. Alinishika bega akanipandisha kilima, na tulipofika juu akapiga magoti kwenye tope ili macho yetu yalingane.

"Njoki, usimwambie mtu. Hata shangazi yako. Hili ni jambo kati yangu na Yesu."

"Kwani ni nani?"

"Ni mgonjwa. Umesikia? Usimwambie mtu."

Nilisema nimesikia. Lakini nilichosikia hakikuwa alichosema. Nilisikia kwamba mama yangu, tawi la kijani kuliko yote niliyoyajua, alikuwa na kitu gizani. Usiku nililala karibu na mgongo wake nikiweka kiganja kati ya mabega yake, nikitafuta kama utomvu unapita. Asubuhi zizini nilimsikiliza kwa masikio yote. Bado aliongea na Yesu, lakini sasa alinong'ona, na mimi nikaona ni kwa sababu amekatwa na hajui. Nilikuwa na miaka minane. Sijui kama kuna mapenzi makali kama ya mtoto wa miaka minane anayeamini mama yake atachomwa.

Alhamisi ilipofika, Ndugu Stefano aliuliza kama kuna mwenye kitu cha kuleta nuruni. Mwanamke mmoja akaungama hasira. Mzee mmoja akaungama kwamba alidanganya kuhusu mpaka wa shamba. Wakaimbiwa. Kisha nikasimama. Watoto hawakuwa wakisimama, na kina mama waliokuwa mbele walitabasamu, wakidhani nitasema nimeiba sukari. Niliona mama akiinua kichwa.

"Bwana asifiwe," nikasema. "Mama yangu ako na kitu gizani. Kila asubuhi anampelekea mwanaume maziwa kule kibandani mtoni. Aliniambia nisiseme. Lakini mimi sitaki achomwe."

Nilingoja wimbo. Nilikuwa nimeketi tayari, nikiwa mwepesi kama nilivyowaona wakubwa wakiwa wepesi, nikimtazama mama ili nione akiponywa. Hakuna aliyeimba. Mtu fulani nyuma alivuta pumzi kwa meno. Mama hakuniangalia, alikuwa akiangalia mikono yake mapajani.

"Ni mwanaume gani, Dada Rakeli?" Ndugu Stefano akauliza.

"Ni mgonjwa."

"Nimeuliza ni nani."

"Ni mtu ambaye ni mgonjwa, Ndugu. Hana mtu. Yesu aliniambia nimpe maziwa, nami nampa. Hakuna lingine."

"Kama hakuna lingine, kwa nini ulimwambia mtoto afiche?"

Ndugu Stefano alichukua koti lake. Wanaume watano wakatoka naye, na kina mama wakafuata, nasi watoto nyuma, tukiteleza kwenye njia ya mtoni. Ilikuwa saa ya kukamua jioni. Tulipopita karibu na boma letu Mweru alikuwa akilia, ndama akimjibu.

Walimtoa nje ya kibanda kwa kumshika makwapa. Hakuwa mzito. Alisimama akiyumba mbele yao, na Ndugu Stefano akamtazama kwa muda mrefu sana, akamsogelea, kisha akafanya kitu nisichokielewa. Aliinua viganja vyake viwili na kufunika uso wa yule mtu, cha juu kwenye paji, cha chini puani, akiacha macho tu.

"Muhoro," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni Muhoro. Macho haya niliyaona kwenye gunia."

Nilianza kulia kwa sababu nilisikia neno gunia, na kwa sababu wanaume wote walirudi nyuma hatua moja. Ndugu Stefano akamgeukia mama.

"Dada Rakeli, unajua huyu ni nani? Huyu ndiye alimtikisia kichwa mdogo wangu. Huyu ndiye alimtikisia kichwa mume wako, baba ya huyu mtoto."

"Najua," mama akasema.

"Unajua?"

"Nilimjua siku ya kwanza. Alikuja kuomba maji nikajua sauti. Nikakimbilia zizini nikamwambia Yesu, huyu hapana. Nikamwambia hivyo siku mbili. Siku ya tatu nikachukua kopo."

Upepo ulikuwa umesimama. Nasikia mto hadi leo. Ndugu Stefano alifumba macho, nami sasa, nikiwa mzee kuliko alivyokuwa yeye siku ile, naamini alikuwa anajaribu. Naamini aliomba. Lakini alipoyafumbua alisema, "Ulitunyima haki yetu ya kujua. Ulikuja kuketi kati yetu na huyu mtu chini ya shuka yako. Tubu, Dada."

"Kuficha, ninatubu. Nilijua mtamfukuza, nikaogopa, nikaficha. Lakini maziwa siwezi kutubu."

"Basi wewe si mmoja wetu tena."

Ilikuwa fupi hivyo. Kisha wakamwambia Muhoro aondoke kabla vijana wa kijijini hawajasikia, na mmoja akamtupia blanketi lake. Kuna waliosema baadaye kwamba walimwokoa maisha kwa kumwondoa mapema. Alianza kupanda njia ya upande wa pili, ile iendayo msituni, akishika majani ili ajivute. Ukungu ulikuwa unashuka. Katikati ya kilima alisimama akageuka, wala hakumtazama Ndugu Stefano wala mimi. Alimtazama mama.

Mama alipiga hatua moja. Niliiona. Halafu Mweru akalia tena huko juu, mama akasimama, akanishika mkono, tukaenda nyumbani kukamua.

Jioni ile nilishika kamba ya ndama nikingoja aongee. Maziwa yaligonga ndoo mpaka yakaacha kugonga, ndoo ikajaa, naye akawa amekaa tu, paji la uso limeegemea ng'ombe. Hakusema neno. Nilidhani amechoka. Asubuhi hakusema neno. Siku ya tatu wanawake waliokuwa wakienda kuchuma chai walimkuta Muhoro ukingoni mwa msitu, amekaa ameegemea mti, kama mtu anayepumzika, amelowa na kukauka na kulowa tena. Polisi walikuja kumchukua kwa gari. Hakuna aliyeuliza atazikwa wapi.

Mama hakuacha kanisa. Jumapili alikwenda, akakaa benchi la nyuma kabisa. Watu wa ushirika walipokutana naye njiani hawakumkumbatia tena. Walimwambia, "Habari ya asubuhi," kama mnavyomsalimia karani wa ofisini, na sijawahi kusikia salamu yenye ukatili kama hiyo. Alhamisi alasiri alitafuta kazi ya kufanya upande wa shamba ambako nyimbo hazifiki. Mama Gathoni, yule yule wa majani ya malenge, alihamisha njia yake ya kwenda mtoni.

Nami, kwa muda wa miezi, sikuelewa. Hili ndilo linalonichoma. Nilijua kuna kitu kimevunjika lakini nilidhani ni kwa sababu mama hakuungama vizuri. Siku moja zizini nikamwambia, "Mama, mbona huongei na Yesu siku hizi? Ukimwambia tu umekosa, atakurudisha." Aliitwaa kamba mkononi mwangu, polepole, akaifunga kwenye nguzo.

"Nenda ufagie," akasema. "Sasa umekuwa mkubwa, ndama nitamfunga mwenyewe."

Sikuitwa zizini tena. Nikasoma, nikawa mwalimu, nikafundisha Karatina na Nanyuki, nikaolewa, nikazaa. Nilipoelewa nilichofanya nilikuwa nimeshakuwa mwanamke mzima, nikimwosha mtoto wangu kwenye karai, na uelewa wenyewe ulinijia ghafla. Hata hivyo ilinichukua miaka mingine mingi kumwuliza. Nilikwenda nikakuta amezeeka, miguu imevimba, amekaa juani kando ya ukuta akipepeta maharagwe. Nikakaa chini. Nikamwambia, "Mama, ile Alhamisi."

Hakujifanya kwamba hajui ni Alhamisi gani.

"Wewe nilikusamehe kabla hujaketi," akasema. "Ulikuwa mtoto. Ulinipenda. Na Stefano pia nilimsamehe, ingawa huyo alichukua muda."

"Basi kwa nini ulinyamaza? Miaka yote hii. Ulikuwa ukiongea na Yesu kama mtu aliye jikoni."

Aliokota jiwe kutoka kwenye maharagwe akalitupa mbali.

"Muhoro alipogeuka pale kilimani," akasema, "Yesu aliniambia, mfuate. Mpe shuka yako, kaa naye. Nilisikia vizuri kama ninavyokusikia wewe. Nikamwambia, Bwana, ng'ombe hajakamuliwa." Alitikisa ungo. "Ningeenda, wale watu wangenifuata wanirudishe. Wangeona aibu. Labda hata Stefano. Mimi niliwajua. Lakini nilikuwa nimechoka kutazamwa, Njoki. Nilitaka kurudi nyumbani."

"Mama, ulikuwa umefanya zaidi ya mtu yeyote pale."

"Najua nilichofanya. Hukuniuliza nilichofanya." Akapepeta kidogo, akaacha. "Yeye hakuniacha, usifikiri hivyo. Ni mimi. Kila nikifungua mdomo niongee naye, ninaona atarudia lile lile, mfuate, na mtu mwenyewe amekwisha kufa. Sasa nitamjibu nini?"

Nilikuwa na majibu. Nimefundisha somo la dini, najua mistari ya msamaha kwa kichwa. Nilimpa miwili. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mgeni, kisha akaniomba nimletee sufuria.

Alikufa mwaka uliofuata, mchana, akiwa amelala. Kanisa lilijaa. Ndugu Stefano, mzee sasa, akishikiliwa na wajukuu wawili, aliomba aruhusiwe kusema neno kaburini. Hakuna aliyemkatalia. Alisema Dada Rakeli alikuwa tawi lililokaa shinani mpaka mwisho, kwamba yeye mwenyewe alimwona, kwamba vijana wa leo wajifunze kwake. Alilia aliposema hivyo, na sidhani machozi yalikuwa ya uongo. Lakini Muhoro hakumtaja, wala maziwa, wala ile miaka ya benchi la nyuma. Watu wakasema Amina. Mchungaji akageuka akauliza kama familia ina la kusema, na wote wakanitazama mimi, mwalimu, mwana wa pekee.

Nilitikisa kichwa nikakataa. Mara ya mwisho niliposimama mbele ya watu hao nikasema ninalolijua kuhusu mama yangu, mtu alikufa.